Gunia Lililoloweshwa Maji

Mwanangu, kuna siku moja ya mwezi wa saba ambayo naikumbuka kwa baridi yake. Upepo ulikuwa unapita katikati ya vibanda vya soko la Majengo kama mgambo anayetafuta ushuru, hauruki mtu. Wafanyabiashara wote wa nafaka walikuwa wamejifunga vitenge juu ya makoti, wengine wamevaa soksi na kandambili. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya gunia la mahindi, nimevua sweta, najipepea kwa kipande cha boksi, na jasho linanitiririka mgongoni.

"Dada," akasema Sabina, aliyekuwa anauza maharage kibanda cha pili, "leo umekunywa chai au umemeza jiko?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa, na joto lile lilikuwa linanijia mara saba kwa siku. Nasema saba kwa sababu nililihesabu, na kesho yake nikalihesabu tena, likawa saba vilevile. Usiku silali, asubuhi magoti yanalia kama mlango wa stoo.

Sasa mimi, likinipata jambo nisilolielewa, huwa sijiulizi ni nini. Najiuliza ni nani. Nilimshuku mama wa chai kwamba kuna kitu anatia kwenye birika. Nilimshuku mume wangu, maana hedhi yangu ilikuwa imeanza kuruka miezi, na yeye ndio kwanza ameanza kunyoa ndevu kila siku. Nilimshuku hata Sabina, aliyekuwa mdogo kwangu kwa miaka minne, na ambaye wateja walimwita mrembo wakati mimi wameshaanza kuniita bibi. Nilimshuku kila mtu pale sokoni isipokuwa umri wangu mwenyewe.

Kabla sijaendelea, nikueleze kuhusu bambo, maana bila hilo hutanielewa. Bambo ni kile kichuma chenye ncha na mfereji katikati, tunachochomea gunia ili kutoa punje za ndani. Mkulima akikuletea gunia, usimtazame usoni. Wote wana nyuso nzuri. Unachoma juu, unachoma katikati, unachoma chini. Kila palipotoboka unachota punje unazing'ata. Punje kavu hulia. Punje yenye maji hunyamaza. Maana wapo wanaolowesha gunia jioni ili asubuhi lipime zaidi. Linajaa, linapendeza, mizani inafurahi. Ukiliweka stoo wiki mbili, linavunda. Mimi kwa bambo langu sikuwahi kuuziwa gunia la namna hiyo. Nilichoma magunia ya wajomba, ya wakwe, na moja la katekista.

Basi wiki ileile akaja mtu mmoja karibu na stendi, akapiga hema. Koti jeupe, viatu vilivyochongoka, kipaza sauti. Anauza vidonge vya kurudisha ujana. Wahenga walishasema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huyu alikuwa anakitembeza kwa betri mbili na spika. Nilipita mara ya kwanza, nikapita mara ya pili, ya tatu nikasimama.

"Mama mkubwa, karibu. Una miaka mingapi?"

"Arobaini na tisa."

"Acha utani! Mimi nilikupa thelathini na nane. Basi tatizo lako dogo, homoni zimelala. Hivi vinaziamsha. Ni mitishamba mitupu, havina madhara."

"Mitishamba gani?"

"Hiyo ni siri ya kampuni, mama yangu."

Mwanangu, mkulima akiniambia gunia lake lina siri, namfukuza na mkokoteni wake. Lakini lile neno thelathini na nane lilikuwa limeshaniingia. Badala ya kuuliza tena kilichomo, nikaanza kubishana bei. Hapo ndipo nilipojiona niko nyumbani. Nikaondoka, akaniita. Nikaondoka tena, akaniita tena. Aliapa kwamba watoto wake watalala njaa, nikamwambia wangu wameshazoea. Nikaichukua chupa kwa nusu ya alichotaja, nikarudi kibandani kichwa juu. Nilikuwa nimemshinda kwa bei, na kila nikimshinda mtu kwa bei huwa nadhani nimeshinda kila kitu.

Nyumbani nikavimwaga vidonge kwenye ungo, nikavihesabu. Chupa inasema sitini, mimi napata hamsini na tisa. Nikahesabu mara ya pili: hamsini na tisa. Asubuhi nikarudi pale hemani, nikamsimamia mpaka akaniongezea kimoja. Ndiyo, mwanangu. Nilirudi kudai sumu iliyopungua.

Na vilifanya kazi! Hilo sitalificha. Magoti yalinyamaza. Hamu ya kula ilirudi, nikawa namaliza sahani ya ugali na kutazama ya mwenzangu. Wiki chache tu, mashavu yakajaa, uso ukawa wa mviringo na wekundu kwa mbali. Watu wakanisifu: "Mama Oresta, umenawiri!" Mume wangu akasema nimependeza, na kwa kuwa kwa kawaida neno hilo halisemi, nikalishuku kidogo, halafu nikalipokea.

Sabina hakuweza kuvumilia. "Dada, unatumia nini? Usininyime."

Nikamwonyesha chupa. Akaigeuza, akaitazama, akacheka. "Wewe, ambaye hata mama yako akikuuzia ulezi unauchoma bambo? Kama wewe umekubali, mimi nitakataa nini?" Akaenda akanunua chupa mbili.

Kumbuka maneno hayo, maana ndiyo yaliyonifanya nikuandikie. Sabina hakumwamini mwenye hema. Aliamini kushuku kwangu.

Mwezi wa tisa nilikuwa kwenye chupa ya tatu, nikaenda kijijini Msanzi kuchukua maharage kwa shangazi yangu, Skolastika. Huyo alikuwa mwanamke wa karibu miaka themanini. Mwaka wake hasa haukuandikwa popote, nami nimejaribu kuukokotoa mara mbili nikapata majibu mawili. Alikuwa bado anapindua matuta yake ya duara, yale ya kwetu Ufipa ambayo nyasi hufukiwa chini zioze. Sasa usije ukadhani nakuletea ile hadithi ya kwamba wazee wa zamani hawakuumwa. Niliishuku hata siku ile. Shangazi alikuwa amezika ndugu wanne, mgongo ulimsumbua, na jicho moja lilikuwa na ukungu. Alikuwa mzee, tena mzee kabisa. Tofauti yake ni kwamba alikuwa mzee anayejiinua mwenyewe kutoka kwenye kigoda.

Mimi siku ile sikuweza. Nilikaa kwenye kigoda, nikanywa maji vikombe vinne mfululizo, nikaenda chooni, nikarudi, nikataka kuinuka tena, mapaja yakakataa. Nikashika ukuta.

Shangazi aliacha kupepeta maharage. Akainama, akaukandamiza muundi wangu kwa dole gumba, kisha akaliondoa. Pakabaki shimo. Tulilitazama wote wawili, halijai.

"Watu wa mjini wanasema umenenepa," akasema.

"Nimenawiri, shangazi."

"Hujanenepa, mwanangu. Umeloweshwa."

Nilimwelewa hapohapo. Nikatamani nisingemwelewa.

"Umemeza nini?"

Nikatoa chupa kwenye mkoba. Yeye hakuishika. Aliliokota bambo langu lililokuwa juu ya magunia yake, akalielekeza kwangu kama mwalimu na kiboko chake.

"Mimi ni dada wa baba yako. Kila mwaka unakuja hapa, unanipigia magoti, shikamoo shangazi, halafu unachoma maharage yangu juu, katikati na chini. Sijawahi kununa, ndiyo kazi yako. Sasa niambie, hiyo chupa uliichoma wapi?"

Niliigeuza chupa mkononi. Punje za maharage unazinunua umezing'ata, za kwenda tumboni mwako mwenyewe unazimeza nzimanzima.

Nikarudi mjini jioni ileile, ilikuwa Alhamisi. Na hapa, mwanangu, ndipo kosa langu la pili lilipo, ambalo ni baya kuliko la kwanza. Kabla ya kumwona daktari nilikwenda moja kwa moja kwa Sabina. Nikamwambia mbele ya watu: "Tupa! Tupa vyote, leo hii!" Naye, kwa kuwa aliniamini nilipomeza, akaniamini nilipokemea. Akavitupa chooni. Mimi vyangu sikuvitupa. Nilikuwa nimevilipia, na vilikuwa vimebaki kumi na viwili. Nikaendelea kumeza huku nikisubiri Jumatatu niende hospitali.

Daktari alikuwa binti wa umri wa Oresta, mzaliwa wangu wa kwanza. Alinipima sukari, imepanda. Akanipima presha, imepanda. Akaigeuza chupa kwa muda mrefu.

"Mama, siwezi kukuapia kilichomo mpaka kipimwe. Lakini uso wako, sukari, na hii miguu, vinaniambia kuna mtu amechanganya humu dawa kali za jamii ya steroidi. Ni dawa za kweli, sisi wenyewe tunazitumia, ila kwa kipimo na kwa sababu. Usiziache ghafla. Tutakubadilishia, tupunguze kidogo kidogo."

Nikamshuku papo hapo. "Yaani niendelee kumeza sumu? Wewe unapata nini hapo?"

Akacheka. "Napata mgonjwa mbishi. Sikiliza, mama. Mwili wako una homoni unayoitengeneza wenyewe kila siku, ya kukuwezesha kusimama na kuhimili shida. Ukiletewa ya nje kwa miezi, mwili unaacha kutengeneza. Ni kama mtu anayeletewa unga mlangoni kila siku, anaacha shamba. Siku unga ukikatika ghafla na shamba ni pori, atakula nini? Mtu anaweza kuanguka. Anaweza hata kufa."

Nikauliza, "Baada ya siku ngapi?"

"Inategemea. Kwa nini?"

Nilikuwa nahesabu. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Nikahesabu tena, zikawa nne zilezile. Nikampigia Sabina, simu inaita, haipokelewi. Nikapanda bodaboda, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kupanda bila kuuliza nauli.

Kibanda chake kilikuwa kimezungukwa na watu. Alikuwa ameanza kutapika tangu jana, asubuhi akaja kazini kwa ukaidi, akasimama kupokea debe, akaanguka juu ya mkono wake. Alikuwa pale chini, midomo mikavu, wengine wanasema malaria, wengine wanasema amerogwa. Na mimi, mshukiwa mkuu, nimesimama kati yao na jibu mkobani.

Tulimfikisha hospitali kwa bajaji. Nilimpa daktari chupa yangu, nikamwambia siku na vidonge bila kuficha hata kimoja, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kingemuumbua mwingine. Wakamwekea dripu na dawa. Hadi jioni hatukujua kama atapona. Nilikaa kwenye benchi nikihesabu matone, yaliponipotea nikaanza upya.

Alipona, mwanangu. Alipofumbua macho vizuri nikaanza kuomba msamaha. Akaninyamazisha kwa mkono mmoja, wa pili ulikuwa umevunjika kwenye kifundo.

"Dada, umenishauri mara mbili, na mara zote mbili karibu unizike. Mara ya tatu, mwulize mtu kwanza."

Nilikwenda stendi kumtafuta yule mtu. Hema halikuwepo. Palibaki mashimo manne ya nguzo. Siku hizi hata mashimo hawaachi. Wamo kwenye simu yako, wanakuita mrembo kwa jina lako.

Nilipunguziwa zile dawa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Joto likarudi, na sasa nikauliza ni nini badala ya ni nani. Yule binti akanieleza kwamba homoni za kike zinashuka hedhi inapokoma, kila mwanamke anapita hapo, na zikishuka, mifupa nayo hupungua nguvu. Nikiona joto linanizidi, kuna tiba za hospitali, lakini kwanza nipimwe. Wanaume nao zao hushuka, polepole, ndiyo maana hawana cha kusingizia. Hakukuwa na mchawi. Mume wangu alikuwa ananyoa ndevu kwa sababu zimeota mvi.

Sasa nina miaka sitini na tatu, nami nakwambia ninachokijua. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Anayekuuzia moshi kwenye chupa, mwulize kuni zake. Kula dona, maharage, mboga za majani, na dagaa au migebuka ikipanda kutoka ziwani. Punguza sukari kwenye chai na chumvi kwenye mchuzi kabla hujalazimishwa. Pombe na sigara viache viwazeeshe wengine. Tembea, beba, inama, maana mfupa usiotumwa husahau kazi. Lala. Haya hayatakufanya kijana, na anayekuahidi hivyo ni wa hema. Yatakusaidia kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta, na hilo, ukifika, utaona si dogo. Na dawa, usianze wala usiache kwa neno la sokoni. Hata neno langu hili, lichome juu, katikati na chini, kisha umpelekee daktari.

La mwisho, lililo zito kwangu: kama unajulikana kwa kushuku, jihadhari na unachokikubali. Wapo wanaokula ulichoonja wewe.

Mkono wa Sabina uliunga vibaya. Kibanda chetu sasa ni kimoja, na mpaka leo hawezi kuinua gunia peke yake. Anashika upande mmoja kwa mkono mzima, mimi nashika upande wa pili. Kila gunia. Haniulizi, nami sijawahi kumwacha asubiri.

Mungu akujalie, mwanangu, uzee mkavu kama punje iliyokaushwa vizuri juani, unaolia ukiung'ata. Akupe mtu wa kushika upande wa pili wa gunia lako. Na akupe miaka mingi, nawe uihesabu mara mbili, ikose kupungua hata mmoja.