Kanuni Iliyotukuta Lushebere

Simu ya mume wangu ilinikuta kwenye foleni ya maji, hapa kambini Lushebere, asubuhi ambayo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka juu ya mahema. Kawaida yake alipiga Jumapili baada ya misa. Nilipoona namba ya Uingereza katikati ya juma, nilijua si salamu. Nilimwachia mama aliyekuwa nyuma yangu bidoni langu, nikapanda kale kamlima ambapo rezo ya simu inashika.

"Mama," aliniambia, "wamefunga."

"Wamefunga nini?"

"Njia yenu. Ile ya mkimbizi kuita bibi yake na watoto. Wamebadilisha kanuni."

Nilidhani rezo inayakata maneno, nikamwomba arudie. Akarudia polepole, kama anavyomfundisha mtoto kusoma. Safari hii nilielewa, nikakaa chini kwenye majani yenye umande.

Sisi ni watu wa Muheto, huku Masisi. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mimi nililima maharagwe na viazi kwenye mteremko ambao babu yake aliufyeka. Tuna watoto watatu, msichana na wavulana wawili. Mdogo alikuwa bado mgongoni siku wenye bunduki walipokuja kuchukua wanaume wawabebee mizigo kuelekea Walikale. Mume wangu alitoroka njiani, mabega yote yamechubuka. Familia moja ya wakulima kule Buleusa, ambayo hakuijua wala haikumjua, ilimficha kwenye kibanda cha kukaushia mihogo mpaka akaweza kutembea vizuri. Kurudi Muheto hakuthubutu, kwa sababu waliomchukua walijua mlango wetu. Alishika njia ya Uganda. Baada ya hapo kuna miaka ambayo hapendi kuisimulia, na mimi nimeacha kuuliza. Mwisho wake ni kwamba alifika Uingereza akaomba hifadhi.

Siku walipomkubalia nilikuwa shambani napalilia. Alilia kwenye simu, nami nikalia, na watoto wakaja mbio wakidhani baba yao amekufa. Alipotulia alinieleza kwamba kanuni ya kule inamruhusu mkimbizi kumwita mkewe na watoto wake ambao hawajafika miaka kumi na minane. Hawamuulizi mshahara wake ni kiasi gani. Hawamuulizi mke kama anajua Kiingereza.

"Kwa hiyo tutakuja?" nilimuuliza.

"Mutakuja. Njo vile kanuni yao inasema."

Tangu siku hiyo niliishi kama mtu aliyefunga mzigo. Migomba ikianguka sikupanda mingine. Nilipanda vitu vya kuiva haraka tu, na jirani zangu waliona wakanyamaza, ingawa shemeji yangu mmoja alinitania kwamba nalima kama mpangaji. Binti yangu alimfuata mwalimu mmoja wa sekondari amfundishe Kiingereza. Alikuwa akiosha sahani huku anajisemesha, anajiuliza swali na kujijibu, halafu anacheka. Wavulana walitaka kujua kama kule kuna ng'ombe. Baba yao aliwaambia wapo, wanene kuliko wa kwetu Masisi, lakini hakuna mtoto anayewachunga, wanaachwa tu nyuma ya waya. Jambo hilo liliwashangaza kuliko habari za treni na ndege.

Kisha vita vikapanda tena. Muheto ilikimbia yote kwa siku moja, nasi tukaja Lushebere na sufuria, blanketi na mbegu nilizoweza kubeba. Mume wangu alikuwa amepata mwanasheria, mama mmoja mwenye huruma, ambaye alimshauri asitume maombi yetu mpaka ushahidi wote ukamilike, ili wasije wakatukataa. Cheti cha ndoa padri wa parokia alikiandika upya. Vyeti vya watoto ndivyo vilivyotuchelewesha. Ofisi ya état civil, ile inayoandikisha vizazi, ilikuwa imefungwa, mwenye mhuri amekimbia, na kila nilipokwenda nilikuta kufuli lile lile na mbuzi wamelala kwenye baraza.

Hatimaye mwenye mhuri alirudi. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mwenye duka hapa karibu na barabara, ndiye aliyetupiga picha za vyeti kwa simu yake nzuri na kuzituma. Mume wangu akapiga siku ile ile, sauti yake nyepesi kama ya kijana. Alisema kila kitu kimefika, kinasomeka, na juma lijalo atakwenda kwa mwanasheria wabonyeze maombi yaende. Ni katika juma hilo njia ilipofungwa. Waliokuwa wametuma kabla ya mlango kufungwa, maombi yao yangeendelea kusomwa. Yetu hayakuwa yametumwa.

Nilikwenda kwa padri kwa sababu nilitaka mtu mwingine aniambie. Alikuwa na simu yenye intaneti siku ile. Alisoma kwa muda mrefu, anarudi nyuma, anasoma tena, kisha akavua miwani.

"Mama, hii haiko sheria mupya," alisema. "Sheria yenyewe iko vile vile. Ni kanuni zenye kuwa chini ya sheria. Waziri anaandika mabadiliko, anaiweka mezani mu bunge, inaanza kazi, na wabunge wakikosa kuikataa, inabakia."

"Walipiga kura?"

"Sioni kura."

"Na wamefunga mpaka lini?"

"Wanasema ni kwa muda, mpaka waandike kanuni zingine."

"Watamaliza lini kuandika?"

Alivaa tena miwani, akatafuta, hakuona tarehe. Nilimwomba anisomee yale maneno yenyewe, anitafsirie, kwa sababu nilitaka kujua wametutukana vipi. Alinisomea kidogo. Hapakuwa na tusi lolote. Ilikuwa kwamba katika fungu fulani maneno fulani yafutwe, na mahali pake pawekwe maneno fulani, na fungu linalofuata lisomeke hivi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira ya mtu, na hapakuwa na mtu wala hasira. Nilimshukuru padri nikatoka. Njiani mvua ilinikuta, sikukimbia.

Nyumbani binti yangu alikuwa anamenya viazi mlangoni mwa hema. Nilimweleza yote, pamoja na njia nyingine iliyobaki wazi, ile inayotaka baba awe na mshahara mkubwa na mke afanye mtihani wa Kiingereza. Baba yake huwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Mshahara wa namna hiyo haujui.

Aliendelea kumenya. Kisha akasema bila kuinua uso:

"Mama, minatimiza kumi na nane mwaka huu. Wakifungua tena, watakukuta wewe na wadogo zangu. Mimi siko tena mu hesabu."

"Usiseme vile. Mungu iko."

"Mungu iko, mama. Lakini miaka yangu nayo iko inaenda."

Sikumsikia tena akijisemesha kwa Kiingereza. Sikumkataza, siku moja tu nilitambua kwamba anaosha sahani kimya.

Kabla mahindi hayajakauka, dereva mmoja wa yule mfanyabiashara alimposa. Ni kijana wa Butembo, Mkatoliki, mpole, hanywi. Sikuwa na neno baya la kusema juu yake, nami nililitafuta. Nilimwuliza binti yangu kama anampenda au anakimbia hema. Alinitazama kwa mshangao.

"Vyote viwili, mama. Ni kosa?"

Nikamwambia si kosa.

Siku ya ndoa, mdogo wa mume wangu alisimama mahali pa baba. Kijana wangu mkubwa alishika simu juu ili baba yao aone. Baba alikuwa chumbani kwake kule Uingereza, amevaa koti na tai, amekaa wima kitandani kama mgeni aliyewahi mapema. Padri alipofika kwenye kuwauliza kama wanakubaliana, picha kwenye simu ilisimama. Baba alibaki na mdomo wazi na jicho moja limefumba, na tulimngojea hivyo tukidhani ataamka. Padri hakuweza kungoja zaidi. Binti yangu alisema ndiyo huku anaitazama simu.

Jioni ile baba aliweza kupiga tena.

"Alisema nini?" aliniuliza.

"Alisema ndiyo."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti nzuri. Watu wote walisikia."

Halafu akasema anarudi. Alikwisha kufikiri, alisema, hifadhi ya mtu mmoja si hifadhi, afadhali afe pamoja na watu wake. Nilimwacha aseme mpaka mwisho. Kisha nilimwambia kwamba mwenzake aliyechukuliwa naye siku ile, aliyerudi Muheto, tulimzika mwaka jana, na kwamba sitaki kumzika yeye kwa sababu ya upweke.

"Kwa hiyo mimi nifanye nini, Mama?"

"Uendelee kuogesha wazee wa watu. Na Jumapili upige."

Lilikuwa neno gumu. Sikuwa na lingine.

Sasa binti yangu yuko Butembo, na tumbo lake limeanza kuonekana. Mimi na wavulana tuko hapa hapa. Mwanasheria anasema kanuni mpya zitakuja, huenda zikawa kali zaidi, huenda zikaacha mlango kidogo, hajui. Mume wangu husoma habari za kule kila asubuhi kabla ya kazi, na akikuta neno la wakimbizi hunitumia sauti kunieleza. Zamani nilisikiliza zote. Siku hizi nyingine huzifungua nikiwa nimekwisha kulala usingizi wa kwanza, nyingine hubaki hivyo hivyo.

Jumapili iliyopita alipiga baada ya misa kama kawaida. Aliniuliza juu ya mvua, juu ya kikohozi changu, juu ya bei ya chumvi. Kisha akaomba kuongea na mdogo, yule aliyekuwa mgongoni siku alipochukuliwa. Mtoto alikuwa ameketi pembeni yangu, anachonga kijiti. Nilimpa simu. Alitikisa kichwa.

"Chukua, ni baba yako."

Alisogea mbali kidogo na kuendelea kuchonga. "Muambie siko," alisema chini chini. "Sina neno ya kumuambia."

Nikairudisha simu sikioni, nikasema mtoto ameenda kutafuta kuni.

"Kuni siku ya Jumapili?" mume wangu aliuliza.

"Zilikuwa zimeisha," nikamwambia.