Mkono Ulioshonewa Tumboni

Juzi, kwenye dirisha la hospitali mjini Musoma, karani alimkemea mkulima wa Mugeta: "Mzee, toa mkono ndani ya shati, uweke dole gumba hapa!"

"Hautoki, mwanangu. Umeshonewa tumboni."

Akafungua vifungo. Mashine ya kuchambua pamba ilikuwa imemchuna ngozi ya mkono. Daktari mzawa akaufunika kwa ngozi ya tumbo bila kuikata yote kutoka tumboni, iendelee kupata damu mpaka ishike. Nesi aliyekuwa akipita akaibonyeza ngozi ile, akaachia. "Damu inarudi. Ngozi iko hai."

Mzee akatutazama sote tuliokuwa kwenye foleni. "Mkono huu ndio ulikuwaga unalisha tumbo. Sasa tumbo linaulisha mkono."

Hotuba za kujitegemea nimezisikia nyingi, nyingine nikisinzia. Hii, karani aliisikiliza amesimama, akamshikia mzee pedi ya wino kwa mikono miwili, aweke dole gumba la mkono mzima.