Bendeji Kwenye Mguu Mzima

Mungu ashukuriwe kwanza, kabla sijaandika neno lingine. Amenipa uzee, meno machache yaliyobaki, na kumbukumbu ambayo imekataa kunihurumia. Zaidi ya yote namshukuru kwa kunivumilia nilipokuwa kijana mjuaji, maana wanadamu wenzangu walikuwa na kila sababu ya kushindwa.

Miaka ya hamsini ilipokuwa ikielekea mwisho nilikuwa kibarua katika shamba la kahawa nje kidogo ya Ruiru. Mchana nilipogoa mikahawa, na jioni mbili kwa juma nilifundisha darasa la ubatizo. Kwa kuwa niliweza kusoma Biblia bila kufuata mstari kwa kidole, watu waliniita mwalimu, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu wakaona nafaa pia kuwa nahodha wa timu ya shamba. Hakuna aliyeuliza kama najua mpira. Nilicheza mbele, katikati, na kwa misimu miwili nilikuwa nimefunga bao moja tu. Hilo nalo lilinigonga mgongoni nikiwa nimegeuka kumkemea mwenzangu aliyetukana.

Mabao yetu yalitoka kwa mtu mmoja. Alikuwa kijana mrefu kutoka magharibi, mbeba magunia kiwandani tulikosafishia kahawa. Alicheza miguu mitupu kama sisi sote, lakini miguu yake ilikuwa na akili ambayo wengi wetu hatukupewa hata kichwani. Mama yake na wadogo zake wanne walikula kwa mgongo wake. Alilijua hilo, na sisi tulilijua.

Tulialikwa Thika kucheza na timu ya kiwanda kimoja cha huko, zawadi ikiwa kondoo dume. Siku zile za hali ya hatari, sisi Wakikuyu hatukuweza kutoka shambani bila karatasi ya ruhusa, moja kwa timu nzima, na karatasi hiyo ilichukua majuma mawili kurudi na mhuri. Nyapara, ambaye ndiye aliyeisimamia timu, aliniambia niandike majina kumi na matatu, tuwe na watu wa akiba. Nikaandika kumi na moja. Sababu yangu naiona aibu mpaka leo: kumi na moja yalijaa ukurasa vizuri, na nilikuwa nimekwisha kupiga mstari chini kwa rula. Nikaipeleka mapema kabisa, nikajisifu kwa bidii.

Siku tano kabla ya mechi, mshambuliaji wetu aliteleza na gunia begani kwenye saruji yenye maji, akaangukia goti la kushoto. Dresa wa shamba, mtu wetu wa kufunga vidonda, alilibonyeza, akalifunga, akatuambia wazi: "Hili litapona likiachwa. Likipigwa tena, huyu hatabeba gunia tena maishani." Na asiyebeba gunia hakuwa na chumba shambani.

Nyapara alinigeukia. "Haya mwalimu, lete wale wa akiba."

"Hawapo kwenye karatasi," nikasema.

"Hawapo vipi?"

Nikamweleza habari ya rula. Akamwita Mungu kwa Kikuyu. "Ngai! Kumbe kusoma nako ni ugonjwa."

Tukahangaika. Bibi mmoja alilikanda goti kwa mafuta ya mbarika. Wengine walileta maji ya chumvi. Mimi nilileta maombi, marefu mno, hata mgonjwa akalala katikati yake. Mwishowe yeye mwenyewe akasema, "Nitakwenda. Nitasimama pembeni kama mti. Wakiniona watatuma watu wawili kunichunga, na nyinyi mtapata nafasi."

Nahodha mwema angekataa. Kwa desturi ya siku zile mchezaji hakubadilishwa, na mara nyingi aliyeumia alisukumwa pembeni akachechemee huko hadi mwisho, lakini hakuna sheria iliyotulazimisha kumpeleka mtu akiwa mgonjwa tayari. Tungeweza kucheza kumi. Lakini nilimtaka yule kondoo. Nilikwisha kujiona nikishuka naye kwenye lori mbele ya darasa langu. Nikamwuliza Mungu, Mungu akanyamaza, nami nikauhesabu ukimya wake kuwa ni ndiyo.

Tena nikaja na hila. Tulikuwa tumesikia kwamba watu wa Thika wanapiga miguu kama wanakata kuni. Waliotuambia hawakuwahi kufika Thika, lakini walisema kwa uhakika. Basi siku ya mechi, juu ya lori, nilimfungua kijana kitambaa cha goti la kushoto nikakifunga kwenye goti la kulia, lile zima. Kilikuwa kipande cha mfuko wa unga kilichofuliwa kikawa cheupe, kinaonekana toka mbali.

Golikipa wetu, aliyekuwa mpishi kwa mwenye shamba, akaniuliza, "Mwalimu, huo si uongo?"

"Kitambaa hakina mdomo," nikamjibu.

"Lakini wewe unao," akasema, akatazama barabarani.

Kwenye kizuizi askari alitusomea majina, akatuhesabu kumi na mmoja, akaisifu karatasi yangu kwa unadhifu. Hakuna aliyecheka ila nyapara.

Kipindi cha kwanza kiliisha sare, bao moja kila upande. Letu lilitokana na kona iliyomgonga mtu wao. Kijana wetu alisimama pembeni kama alivyoahidi, na kweli walitumwa wawili kumchunga. Mmoja wao alikuwa beki wao wa kati, jitu la mtu, shingo na kichwa vya unene mmoja. Nilishangaa tu kwamba hakumgusa.

Wakati wa mapumziko tulikuwa tumekaa kwenye majani tukitafuna miwa, na lile jitu likaja kwetu. Nikadhani amekuja kugombana. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye nahodha? Poleni sana kwa mwenzenu. Mimi ni mtu wa kanisa, ndugu yangu. Nimewaambia wenzangu, mguu uliofungwa usiguswe hata kidogo. Tukilazimika kumkaba, tumpitie upande huu mwingine, ulio mzima."

Muwa ulinikwama kooni. Golikipa aliacha kutafuna. Kijana wetu aliangalia goti lake la kushoto, kisha akaniangalia mimi, akangoja.

Kila mtu pale alikuwa akingoja. Nami nikafungua kinywa changu, kinywa kilichofundisha amri kumi Jumanne iliyopita, nikasema, "Asante ndugu. Mungu akubariki."

Akaenda zake amebarikiwa.

Nimekwisha kuhubiri mara nyingi juu ya Petro na jogoo, na kila mara sauti hunipungua mahali fulani. Wasikilizaji hudhani ni uchungu wa Maandiko.

Kipindi cha pili nilicheza bila kuuona mpira. Niliona goti tu. Nikajiambia hawatamfikia. Nikajiambia nitamwambia refa, mara tu mpira utakapotoka. Ulitoka mara tano. Halafu, dakika zikiwa zimebaki chache, golikipa wetu akapiga mpira mrefu uliodunda, ukapaa juu ya vichwa na kutua pale pale pembeni, miguuni mwa kijana. Na yule kijana, Mungu amsamehe, alisahau kuwa ni mti. Akaanza kwenda nao akichechemea, wale wawili wa kumchunga wakiwa wamekwisha kumwacha, upande ukiwa wazi, macho yakinitafuta. Maana mimi nilikuwa mbele ya lango peke yangu, hata kipa wao alikuwa ametoka. Mtoto wa darasa langu angefunga.

Ndipo nilipoona beki akija mbio kutoka kushoto kwake. Aliinama, akajiweka tayari kuteleza, na kwa huruma yake yote ya Kikristo akauelekeza mguu wake kwenye goti lisilo na kitambaa.

"Siyo huo!" nikapiga kelele. "Ndugu, siyo huo! Mgonjwa ni huo mwingine! Tulifunga uongo! Mimi ndiye niliyefunga!"

Jitu lilijirusha pembeni likiwa hewani tayari, likabingirika kwenye kokoto nyekundu za murram mpaka kwenye mstari. Kijana hakuguswa hata unywele. Akanipasia mpira, pasi safi, laini, ya kumlishia mtoto. Mimi nilikuwa nimesimama mikono juu, kidole kinaelekeza goti, bado naungama. Mpira ukapita katikati ya miguu yangu taratibu ukatoka nje.

Uwanja mzima ukacheka. Kipa wao alikuwa akicheka alipoupiga mpira mbele, na mabeki wetu walikuwa wakicheka ulipowapita. Tukafungwa la pili hivyo, kwa kicheko.

Mechi ilipokwisha beki alinijia, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, kiwiko kinatoka damu. Nilianza kuomba radhi kwa maneno makubwa. Akanikatiza.

"Nahodha, umechelewa, lakini umefika."

Walimchinja kondoo jioni ile ile kabla lori letu halijaondoka, wakatulazimisha tule nao. Beki mwenyewe alininyooshea paja la nyama choma mbele ya wote. "Haya mwalimu, kabla sijakata. Mguu huu ni mzima au mgonjwa?"

Kijana wetu alicheka mpaka akalishika goti lake. Lile la kushoto.

Goti lilipona baada ya majuma sita. Alibeba magunia miaka mingine mingi, akasomesha wadogo zake wanne, akarudi kwao kwa miguu yake. Mimi nilivuliwa unahodha Jumatatu asubuhi, na timu ikaanza kushinda. Jumanne nililiungamia darasa langu, lakini walikwisha kusikia, na mzee mmoja katika wanafunzi aliniomba niseme tena lile la kitambaa kukosa mdomo, kwa kuwa hakulisikia vizuri.

Nawe unayesoma, Mungu akulindie mguu ulio mzima na ule unaouguza. Akupe wapinzani wenye huruma kuliko hila zako, na ukweli ukikukwama kooni, akuondolee muwa mapema kuliko alivyoniondolea mimi. Amina.