Nundu ya Mkwaju na Kerezo la Baba

Sisi tuliokulia Samuye kabla nguzo za umeme hazijatufikia tuna haki ya kusema "enzi zetu", hata kama wengine bado thelathini tunaiona kwa mbali. Wadogo zangu wakinisikia wanaangua kicheko. "Dada, enzi zipi? Wewe si wa juzi tu?" Sawa, ni wa juzi. Lakini juzi yetu ilikuwa na mambo.

Asubuhi ulikimbia mchakamchaka na fagio la chelewa mkono huu, kidumu cha maji mkono ule, na bado uimbe kwa nguvu, maana mwalimu wa zamu alikuwa anawajua wanaofungua mdomo bila kutoa sauti. Mfukoni umebeba michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama kucha za ng'ombe. Unaweka kimoja shavuni kwenye hesabu, kinalainika kwenye sayansi, unakimeza kwenye Kiswahili. Jioni ni rede na kombolela mpaka vumbi linafika kwenye meno. Leo ukimwambia mtoto nenda nje kacheze anakutazama kama umemfukuza nyumbani. Nje kuna nini, wakati bando bado lipo?

Ila mimi rede nilikuwa nacheza nusu nusu. Akili yangu yote ilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kerezo la baba.

Kwa ambaye hajawahi kuliona, kerezo ni mashine ya kuzungusha mti. Wewe umeshika patasi, mti unazunguka unajileta wenyewe kwenye chuma, unakatika mviringo. La baba lilikuwa la kanyagio. Alilitengeneza mwenyewe kwa mbao za mninga, gurudumu la baiskeli na mkanda wa mpira wa tairi. Ukikanyaga linalia kwiri-kwiri-kwiri, na maranda yanatoka marefu kama nywele za mwanasesere. Miguu yote ya vitanda pale kijijini ilipita hapo. Mimi nilianza kukanyaga nikiwa darasa la tatu, baba akishika patasi. Darasa la tano nikawa nashika mwenyewe. Kasoro yangu moja: pupa. Nilitaka mguu wa stuli uishe kabla haujaanza. Kila nilipovunja kitu baba alisema vilevile, bila kunitazama: "Mti haujui kama wewe una haraka, Kabula."

Sasa nifike kwenye nundu, maana ndiyo niliyokaa chini kuieleza.

Mwaka niliokuwa darasa la sita mvua ziligoma. Mahindi yalikauka yakiwa na urefu wa magoti, na mtu asiye na mahindi haagizi kitanda. Baba akaitwa Geita, machimboni, kufunga matimba, zile nguzo zinazozuia shimo la dhahabu lisiwaporomokee watu. Angekaa huko muda mrefu. Likazuka swali: kerezo abaki nalo nani?

Baba mkubwa, kaka yake baba, hakuona swali lolote hapo. "Mpe Masanja," alisema. Masanja ni mtoto wake, alikuwa ameshamaliza la saba na ana mabega kama lango la zizi. "Kabula ataolewa, kerezo liende kwa watu?"

Niliruka kama nimekanyaga kaa la moto. "Masanja hata kunoa patasi hajui!"

"Wewe kachambue mlenda," Masanja akanijibu.

Mayu, yaani mama, akanivuta gauni ninyamaze. Sikunyamaza. Yaani ningelipoteza lile kerezo ningebaki na nini? Miguu yangu ilikuwa imeshazoea lile kanyagio kuliko njia ya kwenda shule. Baba alikuwa mtu asiyependa kelele. Aliingia kibandani akatoka amebeba nundu ya mkwaju.

Unazijua zile nundu zinazoota kwenye shina, mti unakuwa kama una tezi? Mkwaju wetu wa shambani uliangushwa na upepo, na watu walitaka ile nundu waifanye kuni. Kwa nje ilikuwa mbaya kama uso wa fisi. Baba aliipasua katikati kwa msumeno, na ndani tukakuta maua. Kahawia, zambarau, njano, vyote vimezungukana kama maji yaliyovurugwa na fimbo. Wote tulisogea kuyagusa. Lakini mbao ya nundu ni msaliti. Nyuzi zake haziendi upande mmoja, kuna vishimo, kuna maganda yamejificha katikati ya nyama ya mti. Ukiigonga vibaya inameguka kama ukoko wa ugali.

"Kila mtu nusu yake," baba akasema. "Atakayetoa chombo chepesi kama kibuyu, kishike maziwa bila kuvuja, kerezo ni lake. Halafu sitaki kusikia neno lingine."

"Haya," baba mkubwa akacheka. "Tutakunywa maziwa ya Masanja."

Masanja alianza Jumamosi, siku ya mnada, ili watu wanaorudi na ng'ombe wao wamwone. Aliona nundu ina nyufa, akaizungushia mipira ya baiskeli. Si unajua kwetu? Kila kitu kinafungwa mpira. Carrier ya baiskeli mpira, kitanda mpira, dirisha mpira, mbuzi akivunjika mguu anafungwa vijiti na mpira. Kwa hiyo hakuna aliyemshangaa. Akakanyaga kwa nguvu zake zote, watu wanamshangilia. Lakini mpira kazi yake ni kuvutika. Nundu ilivyozidi kuzunguka ndivyo mpira ulivyozidi kulegea, nyufa zikapata nafasi ya kupumua, halafu, paa! Kipande kimoja kikapita juu ya bati, kingine kikatua kwenye kundi la kuku wa mayu. Kuku walikimbia hadi kwa jirani. Bahati nzuri hakuumia mtu.

"Nundu mbovu hii!" Masanja akafoka.

"Mikono!" mzee mmoja wa mnadani akamjibu, na watu walicheka mpaka ng'ombe wakageuka kutazama.

Mimi sikucheka sana, maana nusu yangu ilikuwa na nyufa zilezile. Niliichonga nje kidogo kidogo nikitoka shule, mpaka ikawa na tumbo la mviringo na shingo fupi. Kutoboa ndani ndiko kulikonitisha. Nilijua ukuta ukianza kuwa mwembamba itaniachia kama ilivyomwachia Masanja.

Jibu nilikutana nalo kwa wacheza ngoma. Walikuwa wanawamba ngoma mpya kwa ajili ya mashindano ya baada ya mavuno, hata kama mavuno yenyewe hayakuwepo. Ngozi walikuwa wanaivalisha ikiwa mbichi, imelowa, laini kama kitambaa. Ikikauka inabana mpaka ngoma inalia. Nikajisemea, kumbe! Mpira unalegea, ngozi mbichi inabana. Nilikimbia kwa jirani aliyekuwa amechinja mbuzi wa ubatizo, nikaomba ngozi, nikaikata mikanda, nikaivisha nundu yangu nguo yote.

Halafu pupa ikanipanda. Kukauka kivulini kulitaka siku kadhaa, mimi nilitaka jioni ileile. Nikaiweka karibu na jiko la kuni, nikaenda rede. Niliporudi nilimkuta Popi, mbwa wetu, amelala tumbo juu, anajilamba, ana amani ya bwana harusi. Ngozi yote imekwenda. Nundu iko pembeni, ina alama za meno.

Nililia nikigaragara. Mayu alicheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akasema, "Umempikia Popi nyama choma, ulitegemea akushukuru tu? Loweka vile vipande vya ngozi ulivyobakiza ulipokata mikanda. Safari hii itundike juu, na wewe mikono yako kaikalie."

Iliyobaki ilikuwa nyembamba na fupi. Ilitosha kuzunguka tumbo, shingo ikabaki wazi. Nikaitundika chini ya paa, kivulini. Kila siku nilipita, nikatazama, nikaondoka. Mtihani wa la saba haukunitesa vile.

Siku ya siku ikafika, baba amebakiza tu kupanda gari la Geita. Baba mkubwa kwenye stuli yake, mayu mlangoni, majirani kila pahali. Ngozi ilikuwa imebana, ngumu kama mfupa. Nikafunga nundu kwenye kerezo, nikachukua chuma kirefu chenye ncha iliyopinda kama ndoano, nikakanyaga polepole. Kwiri. Kwiri. Kwiri. Mwanzoni mti ulisema gu-gu-gu, sauti nene. Nikazidi kuchimba, na kadiri ukuta ulivyokuwa mwembamba sauti ikawa inapanda. Nilikuwa siangalii ndani, utaona nini kwenye giza la chombo? Nilikuwa nasikiliza. Mara shingoni, pale ambapo ngozi haikufika, pakameguka kipande kama ukucha. Watu wote, "Uuuu!"

"Acha, Kabula, kinavunjika!" Masanja akapiga kelele, na kwa mara ya kwanza haikuwa dhihaka.

Sikuacha. Nilipunguza mguu mpaka kerezo likawa linatembea kama mtu anayetoka msibani, nikasawazisha shingo yote ifuate ule mmeguko, ikawa kama niliipanga hivyo. Sauti ikafika ti-ti-ti. Nikasimama.

Baba mwenyewe ndiye aliyekata ngozi kwa kisu. Mkanda wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa mwisho ulipodondoka, chombo kilibaki kizima, maua yote nje, kinang'aa kahawia na zambarau. Nikayeyusha nta ya nyuki nikaziba nyufa, nikapaka samli, mayu akamimina maziwa. Tukangoja. Baba mkubwa akanyanyua chombo kwa vidole viwili, akapitisha kiganja chini yake. Akatazama kiganja. Kikavu.

"Mh," akasema. Akanywa maziwa yote, akafuta midomo. "Wabeja, Kabula."

Wabeja ni asante ya Kisukuma, na kutoka kwake ilikuwa kama kupigiwa mizinga. Mayu alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Nilirukaruka kama ndama aliyefunguliwa kamba. Masanja akanisogelea, ametazama chini, "Basi utanifundisha hilo la ngozi." Nilimfundisha. Sasa hivi ni fundi Kahama, na vitu vyake havirukii kuku wa mtu.

Baba akaenda Geita, kerezo likabaki kwangu, na nililikanyaga mpaka nikamaliza kidato cha nne.

Leo nina karakana mjini Shinyanga. Kerezo langu ni la mota, nabonyeza tu, na chombo cha nundu namaliza kabla chai haijapoa. Nakipiga picha, natuma mtandaoni, watu wananitumia vidole gumba na mioyo myekundu, halafu kila mtu anapita zake kutazama kingine. Sikatai, ni vizuri, biashara inakwenda. Ila hakuna anayeguna kipande kinapomeguka, na hakuna anayesimama na ng'ombe wake njiani kusubiri aone kama nitashinda. Hili la mota nimelinunua dukani. Lile la kanyagio nililishinda mbele ya watu.