Laptopu mbili nyembamba na kitenge changu

Leo muuzaji wa laptopu huku Mbarara ameniuliza swali.

Aliniwekea mbili za bei, nyembamba kama daftari. Moja inakaa na chaji siku nzima. Ingine kioo chake kinapendeza, hata kwenye jua unasoma.

Mimi sikuuliza chaji wala kioo.

Niliinua moja, nikaiteremsha, nikainua ingine. Halafu nikaifunga mgongoni na kitenge, kama mtoto, nikatembea mpaka mlangoni.

Akanifuata mbio, labda akidhani naiba.

"Mama nyabo, wewe unasafiri sana?"

Sisafiri. Niko kambi ya wakimbizi ya Nakivale miaka kumi na moja.

Nilikuwa napima ile nitaweza kukimbia nayo.

Wenzangu tuliotoka Kivu, na ninyi mukinunua kitu munaanza kukiinua?