Meno ya Ciakuthii

Katika soko la Siakago hakuna mtu mzima anayenunua kunde kwa macho. Macho ni ya kutafutia njia na kusomea Maandiko. Nafaka huulizwa kwa meno. Mnunuzi huchukua punje tatu kutoka tumboni mwa gunia, si juu ambako muuzaji amezipanga zilizo nzuri, akaziuma moja moja kwa magego huku akisikiliza. Punje inayolia "ka!" na kupasuka vipande viwili ni ya mavuno mapya, iliyoanikwa vyema. Inayobonyea ina unyevu, nayo itaota ukungu kabla mwezi haujaisha. Inayosagika kama udongo imekwisha kuliwa kwa ndani. Walidia wa kale walikuwa na jiwe jeusi la kupimia dhahabu. Wambeere, wenyeji wa Siakago, wana magego.

Ciakuthii binti Rwamba aliujua mtihani huo kuliko watu wote niliowahi kuwaona. Alisoma hadi darasa la nne, akapata kipaimara, akaolewa na Kivuti, mwalimu wa hesabu, kisha kwa miaka kumi na miwili akauza nafaka Siakago. Baada ya mavuno alinunua nafaka huko Gachoka, na mara moja kwa mwezi alipanda mpaka Kianjai, huko Tigania, kutafuta maharagwe ya nyanda za juu. Kianjai walimheshimu kwa namna ambayo mwanafunzi mvivu humheshimu msimamizi wa mtihani. Siku moja mchuuzi mmoja alimwona akitoa bambo lake, kile chuma chenye ncha na mfereji ambacho huchomwa guniani ili kutoa punje za katikati, akampigia kelele:

"Wewe mama wa Mbeere, umekuja kununua ama kula?"

"Nile nini? Hizi zako zina wenyewe ndani, na bado hawajamaliza."

Watu wakaangua kicheko. Mchuuzi naye akacheka, kisha akavuta gunia jingine alilokuwa amelikalia.

Mwaka wa 1985 Kivuti alipata mkataba wa kufundisha Botswana, katika shule ya bweni iliyokuwa karibu na njia ya reli. Ciakuthii alimfuata baada ya Pasaka. Mtoto wao wa pekee, Njura, alibaki shule ya bweni Embu. Sandukuni mwa mama huyo mlikuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo, vitenge viwili na lile bambo. Afisa wa forodha aliligeuza mkononi kwa mashaka.

"Hii ni silaha?"

"Kwa muuzaji mwongo, ndiyo," Ciakuthii akasema, na Kivuti, aliyekuwa amekuja kumpokea, akatazama kando.

Wake wa wageni waliofanya kazi nchini humo walikuwa na desturi ya kwenda Gaborone kila mwisho wa mwezi kununua vitu katika duka kubwa la kujihudumia. Ciakuthii alipelekwa mara moja tu. Alikuta kunde, mchele na unga vimefungwa ndani ya karatasi za plastiki kama watoto wachanga wakati wa baridi. Alitafuta mtu wa kupatana naye, hakumwona. Ndipo akachomoa pini kwenye kitambaa cha kichwa, akatoboa mfuko mmoja, akatoa punje na kuiuma. Kivuti aliulipia mfuko ule upesi, huku jasho likimtoka.

"Mama Njura, hapa watu hununua kwa kusoma. Tazama, imeandikwa: daraja la kwanza."

"Imeandikwa na nani?"

"Na mwenye kuuza."

"Basi hizo ni sifa, Mwalimu. Si ushahidi."

Tangu siku hiyo akaapa kununua nafaka za nyumbani kwake kwa gunia, katika duka la jumla la pale mjini kwao, karibu na stesheni. Mwenye duka, Rra Modise, alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzito. "Rra" ni baba kwa lugha yao, na "Mma" ni mama. Ciakuthii aliuma punje za magunia yote mawili yaliyokuwa mlangoni. Yote yalilia "ka!" kwa sauti safi kama ya kengele. Alichukua moja, akarudi nyumbani akiimba.

Jumapili iliyofuata aliwaalika Wakenya wenzake. Kunde zilitiwa motoni alfajiri. Ibada ikaisha, zikali zinachemka. Wageni wakaketi, zikali zinachemka. Mwishowe zilipakuliwa. Makandi, muuguzi kutoka Kianjai, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amezisikia hadithi za meno hayo, aliweka punje moja mdomoni, akaisukuma huku na huku, kisha akaitoa kwa adabu na kuiweka ukingoni mwa sahani.

"Mama Njura, hizi ni kunde ama ni kokoto za barabara ya Embu?"

Walicheka wote, na Ciakuthii akacheka pamoja nao. Lakini usiku ule hakula. Meno yalikuwa yamemdanganya kwa mara ya kwanza, na hakuwa na elimu nyingine.

Shida ni kwamba wiki moja kabla ya karamu hiyo Kivuti alikuwa amejigamba mbele ya walimu wenzake kwamba mkewe hajawahi kununua nafaka mbaya tangu azaliwe. Mkuu wa shule, Mma Gaone, mwanamke mrefu asiyesahau neno, aliliweka jambo hilo akiba. Jumatatu alimwita Ciakuthii ofisini.

"Mumeo anasema una meno yenye elimu. Mimi nina watoto mia tatu waliorudisha sahani jana kwa sababu kunde hazitafuniki. Kuni za mwezi mzima zimekwisha kwa wiki mbili. Kesho kutwa tunanunua magunia kumi. Nataka uyachague wewe. Lakini nikiletewa mawe mara ya pili, wazazi watakuja kuchukua watoto wao, na mimi nitawaambia wazi nani aliyechagua."

Kivuti alimngoja nje akiwa amekunja uso.

"Kataa. Sema unaumwa na jino."

"Nitasemaje uongo kwa kiungo kile kile kinachonipa riziki?"

"Basi utachaguaje? Umeona mambo ya Jumapili."

"Nimeyaona. Ndiyo sababu sitaki kuondoka nchi hii nikiwa mwanamke wa kokoto."

Alikuwa na siku mbili. Jirani mmoja alimpa ukufi wa kunde alizovuna mwaka ule ule katika bustani ndogo aliyoinywesha kwa maji ya kuoshea vyombo, maana nchi ilikuwa katika ukame mkali. Ciakuthii akaketi jikoni, akaziweka kunde za jirani upande mmoja na zile zake zilizokataa moto upande wa pili. Akauma hizi: "ka!" Akauma zile: "ka!" Hapo akaelewa. Hewa ya nchi ile ilikuwa kavu kiasi cha kukausha hata kunde iliyokaa ghalani miaka mitatu, ikalia kama msichana wa juzi. Jino halikusema uongo. Lilitoa ushahidi juu ya ukavu tu, naye kwa mazoea ya kwao alikuwa amesikia ndani yake ushahidi juu ya umri.

Kisha akazitia zote katika maji ya uvuguvugu. Kabla ya robo saa kwisha, ngozi ya kunde mpya ilianza kukunjamana kama vidole vya mfuaji nguo. Zile za zamani zilibaki laini na zenye kung'aa, zikijikausha kama watu wasiotaka kuulizwa umri wao. Ciakuthii akafuta mikono, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Siku ya kununua alifika dukani asubuhi pamoja na Kivuti na dereva wa lori la shule. Magunia kumi na sita yalikuwa yamesimamishwa mstari mmoja.

"Naomba bakuli la maji ya uvuguvugu, Rra," akasema kwa Kitswana alichojifunza sokoni.

"Maji?" Rra Modise akashangaa. "Maji yangu yanakuja kwa tangi mara moja kwa wiki, Mma. Ni ya kunywa watu, si ya kuogeshea kunde. Chagua kwa macho kama wenzako."

Ciakuthii alisimama kitambo akiyatazama magunia. Kisha akachoma bambo katika gunia la kwanza, akatoa punje mbili, akaziweka katika shavu la kushoto zilowe kwa mate. Akachoma la pili, akaziweka punje zake katika shavu la kulia. Akaketi juu ya kreti tupu, akafumba mdomo na kuanza kusali moyoni polepole, sala moja mara kumi, kwa maana hakuwa na saa.

Msemaji mmoja mashuhuri wa Athene, wasema wazee wa vitabu, alitia changarawe kinywani ili ajifunze kunena. Ciakuthii, ambaye hakuwahi kushindwa kwa maneno katika soko lolote kati ya Siakago na Kianjai, alitia kunde kinywani, akalazimika kunyamaza. Hakuna adhabu iliyoweza kuwa kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa Rra Modise alikuwa amefurahi sana.

"Mma, kwenu mgeni hujipakulia kabla ya kukaribishwa?"

Ciakuthii akainua kidole kimoja: subiri.

"Mwalimu, mkeo amefunga kinywa! Nikuuzie na dawa hiyo uende nayo nyumbani?"

Watu wakacheka. Kivuti alisogea karibu na mkewe, akasimama kando yake mikono ikiwa nyuma, kama mzee wa kanisa anayelinda sahani ya sadaka. Wanunuzi wengine waliacha shughuli zao. Bibi mmoja mzee mwenye mkongojo aliketi juu ya kreti la pili, akamtazama Ciakuthii mashavuni kwa makini, kisha akamgeukia mwenye duka.

"Nyamaza wewe. Hujaona kwamba anafanya kazi?"

Ciakuthii akatema punje viganjani. Mkono wa kushoto zilikuwa zimekunjamana. Mkono wa kulia ziling'aa. Akatia alama ya chaki kwenye gunia la kwanza, la pili akaliruka. Akaendelea hivyo, magunia mawili mawili, mpaka jua likapita utosi. Vicheko vilikuwa vimekwisha zamani. Sasa watu walisogea kila alipofungua viganja, na yule bibi ndiye aliyetangaza: "Mpya!" au "Ya zamani!" Nimeyasikia masimulizi haya kutoka kwa mke na kwa mume, na hawakupatana juu ya idadi ya watu waliokuwepo, lakini juu ya magunia hawakutofautiana hata kidogo.

Yenye chaki yalikuwa tisa.

"Shule ilisema kumi," Rra Modise akasema. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Chukua na hili. Mstari ni mmoja, kunde ni zile zile."

Ciakuthii akaitoa punje ya mwisho shavuni, akaifuta kwa leso.

"Shule ilisema kunde, Rra. Kumi nitayachukua siku utakapokuwa nayo."

Akarudi na magunia tisa, akijua kwamba akishindwa ameshindwa mara mbili: kwa ubora na kwa hesabu. Mma Gaone aliyahesabu kutoka dirishani, akashuka moja kwa moja mpaka jikoni, akavuta kiti. "Pikeni sasa," akamwambia mpishi. "Nitangoja hapa hapa."

Kwa hiyo wakangoja: Mma Gaone kwenye kiti, Kivuti mlangoni akiitazama saa ya ukutani, Ciakuthii mbele ya sufuria kubwa akichochea kuni kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya saa moja povu lilipungua. Baada ya saa moja na robo harufu ya kunde ilitoka nje, na wanafunzi wakaanza kujipanga bila kupigiwa kengele. Ciakuthii akachota punje, akaipuliza, akaishika kati ya kidole gumba na cha shahada, akabonyeza. Ikasagika, ikaacha ute mweupe. Hakuhitaji jino.

Akampelekea Mma Gaone sahani ya kwanza. Mkuu wa shule akala kijiko kimoja, cha pili, cha tatu, kisha akaendelea bila kuhesabu, akaonekana amesahau kwamba watu walikuwa wakimtazama. Sahani mia tatu zikatoka, na zikarudi tupu.

Jioni Rra Modise mwenyewe alikuja mpaka lango la shule, kwa sababu habari za jikoni hazingoji lori. Aliomba kuonja. Alikula akiwa amesimama.

"Hizi kweli zimetoka dukani kwangu, Mma?"

"Zimetoka kwako. Lakini si wewe uliyezichagua."

Rra Modise akarudisha sahani. "Na yale saba yaliyobaki niyafanyeje?"

"Yauze, yana chakula ndani yake. Ila mwambie mnunuzi ni ya miaka mingapi, na kwamba kunde zilowekwe tangu jana yake. Akikubali kununua akijua, Mungu hana kesi nawe."

Katika Roma ya kale wasimamizi wa masoko walimlazimisha muuzaji wa punda kutangaza kilema cha punda wake kabla ya kupokea fedha. Rra Modise hakuwa amesoma habari zao. Hata hivyo wiki iliyofuata magunia saba yalisogezwa peke yake upande wa kushoto wa duka, na kila aliyeyagusa aliambiwa umri wa kunde hizo kabla hajauliza. Na mizigo mipya ilipofika, mjumbe alitumwa shuleni kumwita Mma kutoka Kenya.

Lakini jioni ile ya kwanza, Ciakuthii na mumewe walitembea kurudi nyumbani bila haraka. Wanafunzi waliokuwa uwanjani walisimama wampishe, jambo ambalo mpaka siku hiyo walikuwa wakimfanyia Kivuti tu. Walipofika mlangoni Ciakuthii aliweka kiganja shavuni.

"Taya zinaniuma, Mwalimu."

"Pole, Mama Njura."

"Pole ya nini? Sema asante."

Kivuti akavua kofia, akasema.