Kaburi la Wenye Digrii

Bodaboda ilipoacha lami ya Busia na kushika njia ya Masaba, mgeni aliyepakiwa nyuma ya Awor aliacha kuuliza maswali. Alikuja kuandika habari za tawi la chama cha wanawake waliosoma chuo kikuu, akadhani anapelekwa ofisini. Walishukia kwenye kiwanja kilichozungushiwa mikonge. Katikati palikuwa na kaburi jipya, wazi.

Awor alimsimulia kwa sauti ya mwalimu mstaafu. Tawi lilianzishwa na walimu na wauguzi wa Busia na Tororo, wengi wao bila mume. Walisomesha mabinti, wakagombea uenyekiti hadi wakanuniana, wakapatana. Kisha mwenzao Shallon akafa. Kwao wakamzika nje ya ua, kama desturi inavyomtaka binti asiyeolewa, kuku wakawa wanaparua juu yake. Ndipo wenzake wakanunua kiwanja hiki, kila mmoja apate pa kulala. Lakini kila aliyefariki, ndugu walimchukua. Sasa alibaki Awor peke yake, na kiwanja ambacho hakijazikwa mtu. Na upande huu, ardhi isiyo na kaburi ni ya yeyote mwenye jembe. Kona moja jirani alishapanda muhogo.

Benedeta, mwenzake wa mwisho kufariki, ndiye angekuwa wa kwanza kuzikwa hapa, leo. Aliomba mwenyewe kabla ya kufa, na kaka yake Maloba akakubali.

Simu ikalia. Maloba alisema jeneza limeshapita kuelekea kwao, Lunyo. Wamemchimbia nje ya ua. Awor akamkumbusha ahadi yake.

"Dada yetu ana kwao," Maloba akajibu. "Nyinyi wenye digrii ni ukoo gani?"

 Simu ilipokatika, Awor alitoa joho lake la mahafali mkobani akalivaa juu ya gomesi, gauni lake refu la heshima, kama walivyokuwa wakivaa kila walipomsindikiza mwenzao kaburini.

Chrispinus, mchimbaji, alikuwa amekwisha kukata mgomba. Kaburi likikosa mwenyewe huzikwa mgomba, lisije likaita mtu mwingine.

"Madamu, tuufukie?"

"Liache wazi."

"Litaita mtu, madamu."

"Liite. Anayeitwa anajijua."

Alimwomba mgeni akae hapo, maana kaburi wazi haliachwi peke yake, mpaka yeye arudi kutoka kumzika mwenzake. Akapanda bodaboda, akalikusanya joho lisinaswe na gurudumu, akaenda Lunyo kusimama nje ya ua.

Mgeni akaketi juu ya udongo mbichi. Chrispinus hakuutupa mgomba.